Unaweza Kulea Mtoto wa Mwenzako?
Andiko: 1 Samweli 2:18-20

Tangu 2022 serikali yetu ina mpango wa miaka 10 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia. Kwa hivyo wazazi wa kambo wanahitajika, na wengi kanisani wanasema, "Mimi niko tayari." Ngoja kidogo.

Hana alipomwacha Samweli kwa Eli, hakumtupa. Kila mwaka alipanda Shilo na kanzu ndogo aliyomshonea, na Eli akambariki yeye na mumewe. Sasa mama wa huyo mtoto akifika kwako na shati la mitumba kutoka soko la Chwele, tena limembana kwa sababu hajamwona akikua, utamvisha ama utalificha? Malezi ya kambo si kuasili. Mtoto anaweza kurudi kwao hata kama amezoea kukuita mama.

Na usisahau wana wa Eli mwenyewe waliharibika. Ongea na wako kwanza, pia na mwenzako wa ndoa. Akikubali kwa mdomo tu, mtoto atajua wiki ya kwanza. Halafu uende kwa afisa wa watoto. Usichukue mtoto kimya kimya, hata wa jirani.