SOMO LA KIKUNDI: Kutoa Msaada Wakati wa Maafa – Tutoe Nini, na Tutoe Vipi?



Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua watu zaidi ya 250 katika nchi yetu na kuwahamisha maelfu wengine makwao. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yaliyokuwa yamejaa nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalipasua njia na kufagia nyumba, watu wakiwa wamelala. Kila yanapotokea mambo kama haya, vikundi hutuuliza swali moja: "Sisi ni watu wadogo. Tutatoa nini, na tutajuaje kwamba kimefika?"

Swali hili ni zuri, na tumeliandalia somo. Lisomeni pamoja mkutanoni, mmoja akisoma kwa sauti, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

1. MKONO MDOGO NAO HUJAZA

Mwaka 2011 ukame mkali uliikumba Afrika Mashariki. Turkana, Wajir na Mandera watu walikosa chakula na mifugo ikafa. Mwezi wa Julai mwaka huo ikaanzishwa kampeni iliyoitwa Kenyans for Kenya, ikiongozwa na Shirika la Msalaba Mwekundu pamoja na makampuni na vyombo vya habari. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa wiki nne. Watu wakatuma kwa simu, huyu shilingi mia, yule hamsini, wanafunzi nao wakachanga shuleni. Lengo likapitwa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilijaa kweli.

Basi tusijidharau. Mara nyingi msaada hauharibiki kwa sababu ni mdogo. Huharibika kwa sababu ni kitu kisichohitajika, au umefika wakati usiofaa, au umepitia mkono usiofaa.

2. ULIZA KWANZA, KUSANYA BAADAYE

Tukisikia habari mbaya, moyo unatusukuma tukusanye chochote kilicho nyumbani. Moyo huo ni mwema, lakini ungoje kidogo. Mpigieni simu mtu aliye huko huko: chifu au naibu wake, mwalimu mkuu wa shule iliyopokea wahamaji, tawi la Msalaba Mwekundu la kaunti, au parokia ya mahali pale. Mwulizeni mambo manne:

(a) Ni familia ngapi, na wako wapi?
(b) Wamekwisha kupata nini?
(c) Wanakosa nini hasa?
(d) Njia inapitika?

Msiliruke swali la nne. Maporomoko ya ardhi ya West Pokot, Novemba 2019, yaliua watu zaidi ya 40, na mvua hiyo hiyo ikabeba madaraja. Mahali kama pale lori la mahindi linaweza kusimama ng'ambo ya mto siku nyingi huku watu wanalala njaa upande wa pili.

Tena mahitaji hubadilika. Siku za kwanza watu wanataka chakula kilichopikwa, maji safi, blanketi na mahali pakavu pa kulala. Baada ya wiki moja wanataka sufuria, sabuni, mitungi, chandarua na dawa ya kutibu maji. Baada ya miezi miwili wanataka mbegu, jembe, mabati na sare za shule. Sasa angalieni: wiki ya kwanza malori yanapigana vikumbo barabarani, na mwezi wa tatu hakuna hata baiskeli. Ndiyo maana tunashauri kikundi kigawe mchango wake mara mbili, nusu ya kwanza iende sasa, na nusu ya pili ingoje mvua ya kupanda.

3. VITU VINAVYOLETA TAABU

Nguo kuukuu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, watu wa Tamil Nadu, India, waliletewa nguo nyingi kupita kiasi. Zikatupwa kando ya barabara, zikanyeshewa, na wafanyakazi wa manispaa wakaacha kazi nyingine ili wazizoe. Nguo huhitaji kuchaguliwa, kufuliwa na kubebwa. Mkiombwa nguo, toeni zile ambazo nyinyi wenyewe mngevaa kwenda kanisani au sokoni, zikiwa safi, na zimefungwa mbali mbali: za watoto, za akina mama, za wanaume. Nguo za ndani ziwe mpya. Na msisahau sodo za akina mama na wasichana, maanake hicho ndicho kitu wanachokiona haya kukiomba mbele ya watu.

Maziwa ya watoto ya kopo na chupa. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Baada ya tetemeko la ardhi la Yogyakarta, Indonesia, Mei 2006, familia nyingi ziligawiwa maziwa haya bila mpango. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 waliopewa, karibu 25 waliharisha. Kati ya 100 ambao hawakupewa, ni karibu 12 tu. Maziwa yenyewe hayakuwa mabovu. Maji ya kuyakorogea yalikuwa machafu na chupa haikuchemshwa. Mama anayenyonyesha apewe chakula, maji na mahali pa faragha, aendelee kunyonyesha. Mtoto asiye na mama apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Dawa. Msikusanye mabaki ya vidonge vya nyumbani. Shirika la Afya Duniani linataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuharibika zinapofika, na maandishi yake yaeleweke na wahudumu wa pale. Kazi hiyo tuwaachie wenye ujuzi.

Mahindi yenye unyevu. Mwaka 2004, katika Mkoa wa Mashariki wa wakati ule, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Mahindi mabichi yakifungwa kwenye gunia na kukaa stoo, sumu hiyo hupata nafasi. Kuna kipimo rahisi. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tieni mahindi mpaka robo, ongezeni kijiko kimoja cha chumvi kavu, fungeni, mtikise dakika mbili tatu, kisha muiache itulie. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Kipimo hiki hakilingani na mashine ya bodi ya nafaka, inayotaka unyevu usizidi asilimia 13.5, lakini kitawaonya mapema. Na mahindi yenye ukungu au yaliyobadilika rangi yasitolewe kabisa, hata kama chumvi haikuganda. Usimpe mwenzako kile ambacho usingempikia mwanao.

4. TUPIGE HESABU

Kutoa bila hesabu ni kama kupanda bila kupima shamba. Vipimo vinavyofuatwa na mashirika ya misaada ni hivi:

– Maji: angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 6 inahitaji lita 90, yaani mitungi minne na nusu ya lita 20.
– Chakula: kwa kadiri, nafaka gramu 400, maharagwe gramu 60 na mafuta gramu 25 kwa mtu kwa siku.
– Choo: kimoja kwa watu 20. Shule iliyopokea watu 200 inahitaji vyoo 10, na tena wanafunzi wana vyao.

Sasa tuchukue mfano. Kikundi cha wanachama 30, kila mmoja atoe gorogoro tatu za mahindi. Hizo ni gorogoro 90. Gunia la kilo 90 huchukua gorogoro kama 45, kwa hiyo mmepata magunia mawili, yaani kilo 180. Familia ya watu watano kwa siku kumi inahitaji kilo 20 za nafaka, kilo 3 za maharagwe na kama lita moja na nusu ya mafuta. Kumbe kikundi kimoja kinaweza kulisha familia tisa kwa siku kumi! Lakini ongezeni maharagwe kilo 27, na mkumbuke kwamba aliyepoteza nyumba hana sufuria, na kinu cha posho huenda nacho kimezama. Unga utamfaa kuliko mahindi.

5. MBONA WANASEMA PESA NI BORA?

Mtu atasema, "Pesa zinaliwa." Ni kweli zinaweza kuliwa, lakini hata magunia huliwa. Pesa zina faida tatu. Hazihitaji lori. Hununua kile kinachokosekana leo, si kile kilichokosekana juzi. Na zikitumika katika soko lililo karibu na waathiriwa, yule mama muuza maharagwe ambaye naye ameumizwa na mafuriko anapata riziki. Tukimwaga mahindi ya bure mahali ambapo soko linafanya kazi, tunamfungia yeye kibanda.

Kabla ya kutuma, fanyeni hivi:

– Tumieni nambari ya paybill iliyotangazwa na shirika lenyewe, si ile iliyotumwa na mtu msiyemjua. Wezi nao hufanya kazi wakati wa maafa.
– Someni jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kutia nambari ya siri. Msitume mchango wa umma kwa nambari ya mtu binafsi.
– Wekeni ujumbe wa simu na muunakili kwenye kitabu: tarehe, kiasi, nambari ya muamala.

Neno moja kuhusu mfuko wa kikundi. Akiba na pesa za mzunguko ni jasho la kila mwanachama. Zisiguswe kwa sababu mwenyekiti amehurumia. Itisheni mkutano, mpige kura, katibu aandike. Njia nzuri zaidi ni kuwa na mfuko mdogo wa maafa: kila mkutano kila mmoja atie shilingi 10 pembeni. Wanachama 30 wakikutana mara mbili kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 7,200. Siku ya shida ikija hamtahangaika.

6. MIKONO MIWILI AU ZAIDI

Mtume Paulo alipopeleka mchango wa makanisa kwa ndugu wa Yerusalemu, hakubeba pesa peke yake. Makanisa yalichagua mtu wa kufuatana naye, ili pasiwe na lawama. Paulo alikuwa mtu mwaminifu, na bado aliona inafaa. Sisi tuna nini cha kukataa?

Chagueni watu watatu, angalau mmoja awe mama, wa kuhesabu, kupeleka na kurudi na habari. Walete karatasi yenye sahihi ya aliyepokea, na waisome mbele ya wote. Asiyeweza kusoma naye ana haki ya kusikia shilingi zake zilikwenda wapi.

7. ANAYEPOKEA NI MWENZAKO

Aliyepoteza nyumba hajapoteza akili wala heshima. Tusimpange foleni juani ili apigwe picha akishika pakiti ya unga. Tusimwulize ni wa kabila gani wala anasali wapi. Wahamaji wachague kamati yao, na wanawake wawemo, kwani wao ndio wanaojua nani ni mjamzito, ni mzee gani hawezi kutembea, na ni mtoto gani analelewa na jirani. Wagonjwa na wazee wapelekewe walipo.

Mto uliofurika kwao leo unaweza kufurika kwetu mwaka ujao. Tuwatendee kama tutakavyotaka kutendewa siku hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika eneo letu, ni maafa gani yanaweza kutupata: mafuriko, ukame, maporomoko au moto?
2. Tukipatwa sisi, tungehitaji nini siku ya kwanza? Na mwezi wa tatu?
3. Nani kati yetu ana nambari ya simu ya chifu na ya Msalaba Mwekundu? Ziandikwe kitabuni leo.
4. Je, tuko tayari kuanzisha mfuko wa maafa? Kila mtu atie ngapi, na nani atautunza?

Kabla hamjafunga mkutano, katibu aandike jambo moja mliloamua na jina la atakayelifanya. Mkutano ujao mwanze nalo.