TUJIFUNZE SHERIA: POMBE, MAHALI PA KUIUZIA NA MAMLAKA YA KIJIJI

Wananchi wengi hudhani kwamba kazi ya sheria ya pombe ni kumkamata mlevi. Sivyo. Sheria ya Vileo Na. 28 ya mwaka 1968, iliyo msingi wa leseni za vileo Tanzania Bara, humtazama muuzaji na mahali pake kuliko mnywaji. Leseni hutolewa kwa mtu fulani, kwa mahali fulani, na hudumu nusu mwaka: Aprili hadi Septemba, au Oktoba hadi Machi. Pombe za kienyeji zimo pia. Kimpumu cha ulezi, ambacho wazee wetu wamekinywa kwa mirija tangu kale, si kinywaji haramu. Anayekiuza hutakiwa awe na leseni tu. Gongo ni jambo lingine kabisa, kwani ina sheria yake ya mwaka 1966, na kuipika bila idhini ni kosa la jinai.

Umuhimu wa mahali ulidhihirishwa na viroba. Kiroba hakikuhitaji kilabu, meza wala bilauri. Kilikaa mfukoni, kikanyweka kituoni, juu ya pikipiki, hata nyuma ya uzio wa shule, na hakuna mwenye leseni aliyeweza kuulizwa. Serikali ilipiga marufuku pombe ya mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kwa maoni yetu, hatua hiyo iligusa unywaji wa hadharani kuliko msako wowote.

Yapo makatazo yasiyotegemea kijiji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumruhusu mtoto kuingia baa na kumuuzia kileo. Kumtuma dukani “akachukulie baba” hakuhalalishi mauzo hayo. Barabarani, kikomo cha jumla ni miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu ya dereva.

Linabaki benchi lililo nje ya kibanda, karibu na njia ya wanafunzi au gulioni, hasa msimu wa mpunga na kakao fedha zinapokuwa mikononi. Hapo kijiji kina uwezo wake. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, Halmashauri ya Kijiji hutunga sheria ndogo, huifikisha kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji ili wakazi watoe maoni, kisha huipeleka Halmashauri ya Wilaya iidhinishwe. Kabla ya idhini hiyo, tangazo lililobandikwa mtini si sheria, na hakuna anayeweza kutozwa faini kwa sababu yake. Faini halali nayo huwa na stakabadhi ya serikali.

Sheria ndogo isemayo “ulevi umekatazwa” haifai kitu, maana mgambo ndiye atakayeamua nani amelewa. Iliyo bora hutaja mahali, saa na kiwango cha adhabu, na haipingani na sheria za Bunge.

Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa Mkutano Mkuu, akiwamo mama muuza kimpumu. Anayetaka jambo hili lijadiliwe amwone mwenyekiti au mtendaji wa kijiji mapema, kabla ajenda haijafungwa.