KAZI YA KUTUNGA MICHEZO YA VIDEO



Juma lililopita, saa ya mapumziko, wadogo wawili wa mwaka wa tatu walinishika njiani: « Kaka, ni kweli mtu anaweza kutajirika kwa kutunga michezo ya video? Kama ni kweli, juu ya nini tunaumia na hesabu? » Siku ile sikuwa na jibu. Nimesoma, nimeuliza, na sasa nawajibu hapa ili na wengine wasikie.

Ndiyo, inawezekana. Kule Seattle, Marekani, kuna Eric Barone. Alizaliwa 1987, akamaliza universite mwaka wa 2011 katika masomo ya ordinatere. Akatafuta kazi, hakupata. (Sisi wa mwaka wa sita tunaujua woga huo hata mbele ya kushika diploma.) Basi akaanza kutunga mchezo mmoja ili azoeze mikono, kusudi siku moja wamuandike kazi. Kujizoeza huko kulidumu zaidi ya miaka 4.

Kwa nini muda mrefu hivi? Mchezo wa video ni kazi nyingi ndani ya moja. Kuna kuandika amri ambazo ordinatere inafuata, kuna kuchora, kuna muziki, kuna hadithi. Mu kompani kubwa kila kazi ina watu wake. Barone alizifanya zote peke yake. Tuangalie kuchora tu. Mwanakijiji mmoja wa mchezo wake ana upana wa vidoti 16 na urefu wa vidoti 32. Ni vidoti 512, na kila kimoja kinapashwa kuwa na rangi yake ao kuachwa wazi. Tena mtu huyo anatembea: picha 4 akienda mbele, 4 akirudi, 4 kuume, 4 kushoto. Hapo ni picha 16, na bado hajasema neno. Na Barone alikuwa akifuta picha zake na kuzichora upya mara nyingi, kwa kuwa hazikumpendeza.

Alikula nini miaka hiyo? Mchumba wake alitumika, naye mwenyewe alionyesha watu viti vyao kwenye jumba la tamasha, kwa mshahara mdogo. Jambo hili wadogo wangu hawakuniuliza, lakini ndilo lililonishika zaidi mimi. Nani kwetu angenilisha miaka 4 nikichora vidoti? Baba ameshaniuliza nitafanya nini kisha diploma, na sikuthubutu kumtajia kazi ya namna hii.

Mchezo ulitoka tarehe 26/2/2016, jina lake Stardew Valley. Mtu anaachiwa shamba na babu yake, analima, anamwagilia, anavua samaki, anasalimia majirani. Watu wa miji mikubwa walitoa dola 15 ili washike jembe! Sisi wa zamu ya bustani ya Jumamosi, nani anatulipa? Mu miezi 2 uliuzishwa zaidi ya mara milioni 1, na mwisho wa 2024 hesabu ilifika milioni 41. Lakini kwa Barone mmoja, wako wengi waliotumika vilevile na hakuna aliyenunua.

Mtu atasema, hiyo ni Marekani. Hapana. Kule Yaoundé, Kameruni, Olivier Madiba na wenzake wa Kiro'o Games walitoa Aurion mwaka ule ule wa 2016, na yeye alikuwa ameuwaza mchezo huo tangu 2003.

Sasa juu ya hesabu. Ili mtu wa vidoti asipite ndani ya ukuta, ordinatere inalinganisha namba za mahali alipo na namba za mahali pa ukuta, kila mara anaposogea. Ni ile mihimili miwili, x na y, ambayo wadogo wangu wanaikimbia.

Anayetaka kujaribu, hahitaji ordinatere kwanza. Achukue karatasi ya miraba, ahesabu 16 kwa 32, achore mama anayebeba maji, kisha amchore tena mara 3 ili atembee. Alete kwenye darasa la sita mbele ya Ijumaa. Mimi nimekwisha kuchora wangu. Mguu wa kuume bado unakataa.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita