Gari la Mpangaji Linapochukuliwa na Polisi

Katika miji yetu ya mpakani, kama Busia, Malaba na Mutukula, nyumba nyingi za kupangisha zina ua mmoja na lango moja. Humo hulala pikapu ya mfanyabiashara wa mahindi, bodaboda mbili za kijana wa chumba cha pili, na gari la mwenye nyumba. Askari wanapofika kumtafuta mtu mmoja, huenda wakaondoka na vyombo vya watu watatu. Somo hili linamhusu yule ambaye hakutafutwa, lakini chombo chake cha kazi kimepelekwa kituoni.

Wengi hufika kaunta wakiuliza, "Nitarudishiwa lini?" Swali linalotangulia ni hili: chombo kimechukuliwa kwa sababu gani, na kimeandikwa kuwa ni mali ya nani? Jibu lake ndilo linaloonyesha mlango wa kubisha.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara za 26 na 27, inalinda mali ya kila mtu na kukataza upekuzi usio halali. Imesema kila mtu. Mpangaji aliyetoka Kenya, Tanzania au Kongo yumo. Nayo Sheria ya Polisi inamtaka afisa anayepekua bila hati ya mahakama aandike kwanza sababu za kufanya hivyo. Mwenye mahali palipopekuliwa, au anayekaa hapo, ana haki ya kupewa nakala ya maandishi hayo bila malipo, akiiomba. Anayekaa hapo ni wewe mpangaji. Huna haja ya kumsubiri mwenye nyumba akuombee, hasa ikiwa yeye ndiye anayechunguzwa.

Nenda basi kituoni na kadi ya gari, kitambulisho na mkataba wa pango. Ikiwa gari ulilinunua na kadi ingali kwa jina la aliyekuuzia, chukua hati ya mauziano, na ikiwezekana mlete muuzaji mwenyewe. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa pikipiki imebadilisha mikono mara tatu na kadi haijabadilishwa hata mara moja. Omba namba ya taarifa katika kitabu cha matukio, jina la mpelelezi, na maandishi yanayotaja hali ya chombo: taa, betri, magurudumu, mizigo iliyomo. Anayekutaka fedha mkononi bila stakabadhi ili akuachilie gari anakuomba hongo.

Ikiwa gari ni kielelezo cha kesi, polisi wanaweza kulishikilia. Hata hivyo, mwombe mpelelezi kwa barua, na nakala uipeleke kwa mwendesha mashtaka wa serikali wa wilaya, lipigwe picha kisha uachiwe kwa ahadi ya maandishi kwamba utalileta litakapohitajika. Wakikataa, hakimu anaweza kuombwa atoe amri. Mwenye mali hahitaji kuwa mshtakiwa ndipo asikilizwe.

Kuna jambo jingine ambalo tunalisema bila kuzunguka. Kodi ya nyumba isiyolipwa ni deni, na deni ni shauri la madai. Mwenye nyumba anayekuja kituoni akitaka tumkamatie mpangaji pikipiki mpaka alipe, amekosea njia. Njia yake ni mahakama. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inamtaka apate amri ya mahakama hata kabla ya kumwondoa mpangaji. Chombo kikishikiliwa kwa ajili ya kodi tu, mwone mkuu wa kituo, kisha kamanda wa polisi wa wilaya, ukiwa na malalamiko yaliyoandikwa.

Gari lenye namba za nchi jirani lina njia yake. Kibali cha muda kikiisha, mara nyingi suala huhamia forodha, na hapo husimamia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mwenye gari anapaswa kumwandikia Kamishna wa Forodha, ndani ya mwezi mmoja tangu gari likamatwe au tangu apewe taarifa, kwamba analidai. Mwezi huo ukipita kimya, gari huhesabiwa limetaifishwa. Tumewaona watu wakizunguka kituo cha polisi majuma matatu ilhali siku zao zinahesabiwa kwenye ofisi nyingine.

Asiyeridhika na mwenendo wa askari wetu apeleke malalamiko kwenye Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma cha polisi, au kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Mahakama nayo iko wazi: chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019, afisa aliyevunja haki anaweza kuwajibishwa yeye binafsi. Anayetaka kuidai serikali fidia kwa gari lililozuiliwa isivyo halali au kuharibiwa afungue shauri dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali kabla ya miaka 2 kupita, na ile nakala ya siku ya kwanza kituoni iwe miongoni mwa ushahidi wake.