Maji ya Same Yaliulizwa Bungeni

Sisi watu wa Same tunajua thamani ya ndoo ya maji. Mji wetu uko chini ya milima ya Upare, upande mkavu. Mradi wa kuleta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu ulianza mwaka 2014, ukakawia miaka mingi. Je, nani wa kumwuliza waziri?

Ni mbunge. Katiba, ibara ya 63, yampa haki hiyo. Huandika swali, akalipeleka kwa Katibu wa Bunge. Swali huenda wizarani, majibu yakatafutwe. Siku ikifika, waziri au naibu wake husimama kule Dodoma akajibu mbele ya wote. Akijibu juu juu, mbunge ana maswali mawili ya nyongeza. Hapo ndipo waziri hubanwa hasa! Na kila neno huandikwa katika Hansadi, yaani taarifa rasmi ya Bunge. Ahadi haipotei.

Wabunge wetu waliuliza habari za mradi huu tena na tena. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua.

Kama kijijini kwenu bado bomba ni kavu, mwandikieni mbunge. Tajeni kijiji, bomba limefika wapi, limesimama tangu lini, na nani aliahidi.