Je, Aliyezoea Unga Aweza Kutibiwa?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Katika darsa yetu ya juma lililopita mama mmoja alituletea suali. Mwanawe aliondoka kwetu pwani akaenda Nairobi kutafuta riziki, na huko akaangukia katika unga. Sasa akaa Kawangware, magharibi ya mji, na kila asubuhi hupanda matatu kwenda kliniki ya Ngara, karibu na katikati ya mji, kunywa dawa iitwayo methadoni. Jamaa zake wamemwambia kuwa ameacha ulevi mmoja akashika mwingine. Wataka arudishwe nyumbani, afungiwe chumbani siku saba mpaka unga umtoke. Mama auliza: lipi lililo la haki?

Hatukumjibu papo hapo. Mafakihi wamesema kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu, na sisi tulikuwa hatujalifahamu. Basi tukaona tusome kwanza waliyoyaandika wajuzi wa maradhi haya, ndipo tuseme. Na kwa kuwa suali hili si la mama mmoja, bali ni la nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu, tumeona jibu lake liwafikie ndugu zetu wote.

Maradhi yenyewe

Unga, yaani heroini, hukaa mwilini saa chache tu. Aliyeuzoea akiukosa, kabla ya siku moja kwisha hushikwa na arosto: jasho, baridi, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa na kukosa usingizi. Mateso haya hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo teja wa siku nyingi havuti wala hajidungi kutafuta raha. Raha imekwisha kumtoka zamani. Akimbia adhabu tu.

Methadoni nayo ni dawa ya jamii moja na unga, lakini hunywewa, haidungwi, na nguvu yake hudumu siku nzima na zaidi. Mwaka 1965 Vincent Dole na Marie Nyswander, matabibu wa New York, waliandika habari za wagonjwa 22 waliotibiwa kwayo: arosto ikatulia, tamaa ikapungua, wakaweza kurudi kazini na masomoni. Mwaka 2005 Shirika la Afya la Dunia liliiingiza katika orodha ya dawa za lazima. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikafika Malindi, Mombasa na Ngara. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mtoaji dawa, kwa kipimo alichowekewa.

Waliyoyaona watafiti

Mwaka 2015 Tim Rhodes, mtafiti wa London, pamoja na Mkenya James Ndimbii na wenzao, walitoa maandishi juu ya tiba na kupona kwa watumiaji wa unga katika Kenya. Walizungumza na watu 109 waliopata kujidunga, wa Nairobi na wa huku kwetu pwani. Katika maandishi hayo tumetoa mafunzo matatu.

La kwanza, watu hawa wataka kuacha, na wengi wamejaribu kwa nguvu zao wenyewe, si mara moja. Basi kauli yetu ya kila siku, kwamba teja apenda hali yake, haina ushahidi.

La pili, njia ya kuifikia tiba ilikuwa nyembamba. Nyumba za kutibia zilikuwa chache na zataka fedha. Asiye na jamaa wa kumlipia hakuwa na pa kubisha hodi.

La tatu, na hili ndilo lililotuhuzunisha zaidi, umasikini huu wa tiba huwafanya watu wapunguze hata matumaini yao. Mtu hujikataza kutumaini mengi, asije akavunjika moyo tena.

Mwaka 2018 Rhodes aliandika tena juu ya methadoni katika Kenya. Alivyoona, dawa haifanyi kazi peke yake; namna inavyotolewa na kupokewa ndiyo inayoipa au kuinyima nguvu ya kumrudisha mtu katika uzima. Nasi twaongeza: kijana wa Kawangware asiye na nauli ya kufika Ngara leo, dawa hiyo kwake ni kama haiko.

Jibu letu

Kwanza, je, ni ulevi badala ya ulevi? Hapana shaka kila kileweshacho ni haramu, na twajua Hadithi iliyopokewa na Muslim inayokataza kuufanya ulevi kuwa dawa. Walakini aliyezoea unga, akinywa methadoni kwa kipimo cha tabibu, halewi. Hutulia, na akili yake humrudia. Na mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi, akiwamo Imamu Nawawi, walikwisha kuzungumza juu ya kumpa mgonjwa kisicho kinywaji chenye kuondoa akili, ili akatwe kiungo kilichooza, na Nawawi akaona kuwa yajuzu kwa haja hiyo. Ikiwa hilo lajuzu kwa kuokoa mwili, basi dawa yenye kurudisha akili ina haki zaidi ya kujuzu. Hivi ndivyo tuonavyo. Ama mwenye kuiuza, au kuichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, huyo amerudi katika haramu, na tena ajitia katika mauti, kwani mchanganyiko huo huweza kukata pumzi.

Pili, kumfungia chumbani. Hapa twawaonya wazee kwa nguvu zetu zote. Mtu akikaa bila ya unga siku kadhaa, mwili wake husahau kuuhimili. Akitoka akatumia kiasi kile kile cha zamani, huweza kufa saa ile ile. Nyumba ngapi zimedhani zimemtibu mtoto, kumbe zimemtayarishia sanda! Kumaliza arosto si kupona. Ni kufika mlangoni tu.

Tatu, mwezi wa Ramadhani. Mgonjwa asiiache dawa kwa rai yake. Amuulize tabibu wake kama saa ya kunywa yaweza kupelekwa usiku. Isipowezekana, naye tabibu amwambia kuwa kuiacha kutamdhuru, basi yeye ni mgonjwa, na ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184.

Nne, wajibu wetu. Bukhari amepokea kuwa mtu aliyekunywa ulevi aliletwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, akaadhibiwa. Na baadhi ya watu walipomlaani, Mtume aliwakataza wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Hukumu haikufutwa, na udugu pia haukufutwa. Sisi leo twamfukuza teja msikitini kwa kuchelea viatu, kisha twastaajabu akirudi maskani.

Basi mama, mwache mwanao aendelee na dawa yake, wala asiipunguze ila kwa shauri la tabibu. Mpelekee nauli badala ya kufuli. Mtafutieni kazi, mwiteni karamuni, msimtaje kwa jina la teja. Na akianguka tena, jueni kuwa maradhi haya yana kurudi kama yalivyo maradhi mengine. Mlango wa toba haufungwi, basi na wa nyumbani kwenu usifungwe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na azilainishe nyoyo zetu. Wallahu aalam.