Mlinzi Awe Mmoja: Somo la Kupanga Njia za Kurasa



Ndugu msomaji, usiku wa kuamkia Idi, dada mtunza hazina wetu alinipigia simu. Wanachama hutuma pesa za zaka ya fitri, jumuiya ikanunua mchele kwa niaba yao na kuugawa hapa Rumonge. Usiku ule orodha kwenye programu yetu ilizidi pesa zilizopokelewa kwa pishi 4. Familia moja ilikuwa imeshaambiwa ije asubuhi, na mchele wake haukuwepo. Tulichangishana wenyewe, ikapata haki yake kabla ya swala. Alhamdulillah. Lakini kosa lilikuwa langu, kwa sababu sehemu hiyo ya kodi niliiandika mimi.

Ilitokea hivi. Ndugu mmoja alikuwa ufukweni, mtandao dhaifu. Alijaza fomu kwa ajili ya watu 4 wa nyumbani kwake, akabonyeza "Tuma". Seva iliipokea, ikamrudishia ukurasa wa shukrani kwenye anwani ile ile ya fomu. Ukurasa ukaja nusu. Akaupakia upya, kivinjari kikamuuliza kama kitume tena, akakubali. Watu 4 wakawa 8.

Dawa yake inajulikana. Seva ikishapokea fomu isitoe ukurasa papo hapo; imwelekeze mtumiaji kwenye anwani nyingine kwa jibu namba 303, yaani "kaangalie kule". Akipakia upya, anapakia shukrani, si mchango. Na kwa anayebonyeza mara mbili kwa haraka, kila fomu ipewe namba yake ya pekee, seva ikatae namba iliyokwisha kupokelewa.

Nilipotaka kuiweka dawa hiyo ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe. Programu yetu ina moduli tatu: uanachama, darsa na michango. Kila moja iliandikwa na mtu wake, na kila moja ilielekeza watu kivyake. Ukifungua darsa kabla ya kuingia kwenye akaunti, ulipelekwa ukaingie. Ukishaingia, ulitupwa ukurasa wa mwanzo, na darsa uliyoitaka imekupotea. Baya zaidi, ukurasa wa kuingia ulimpeleka asiyejaza taarifa zake kwenye ukurasa wa taarifa, na ule wa taarifa, wenye sharti lake tofauti, ukamrudisha kwenye kuingia. Mtu alizungushwa mpaka kivinjari kikakataa, na vifurushi vyake vya intaneti vimeliwa.

Tulipozipanga upya tulishika mambo manne.

Kwanza, majina ya njia yakae mahali pamoja. Moduli ya darsa ikitaka kumpeleka mtu kwenye mchango, itaje jina "fomu ya mchango", isiandike anwani yenyewe. Siku anwani ikibadilika, unarekebisha mstari mmoja tu.

Pili, mlinzi awe mmoja. Kila moduli itangaze masharti ya kurasa zake: huu ni wa aliyeingia, huu ni wa mtunza hazina. Mlinzi ayasome kwa mpangilio: ameingia? taarifa zake zimekamilika? ana ruhusa? Asimame kwenye "hapana" ya kwanza na ataje jina la njia anayostahili kwenda. Ukurasa wa kuingia usiwe na sharti la kuingia, wala wa taarifa usiwe na sharti la taarifa. Hapo mzunguko unakatika. Mlinzi atoe uamuzi tu, sehemu nyingine iutekeleze. Hivyo unaweza kumjaribu bila hata kufungua kivinjari.

Tatu, kumbuka mtu alikokuwa akienda, umrudishe huko akishaingia. Lakini kubali njia za ndani ya programu yako tu. Ukikubali anwani yoyote, tapeli atatunga kiungo kinachoanza na jina la jumuiya na kuishia kwenye ukurasa wake wa wizi. Atakayekibonyeza atakuwa ametuamini sisi.

Nne, tenganisha kuhama na kupita njia ya muda. Barabara namba 3 inayotoka Bujumbura ikizibwa na maporomoko, gari hupita kwingine leo na kesho likarudi: hiyo ni 302. Jirani ambaye ziwa limemeza kiwanja chake amehama moja kwa moja: hiyo ni 301. Kivinjari huweza kuihifadhi 301 na kwenda kule kupya bila kuuliza tena. Ukiitumia kwa jambo la siku mbili, utapata taabu kuwarudisha watu.

Sisi wanafunzi wa sira tunajua kisa cha kugeuzwa kibla. Waislamu waliswali Madina wakielekea Baytul Maqdis kwa miezi 16 au 17, kisha ikaja amri iliyomo katika Surat al-Baqara, aya ya 144. Ibn Umar (r.a.) anasimulia, katika Sahih al-Bukhari, kuwa watu wa Qubaa walifikiwa na habari hiyo wakiwa katika swala ya alfajiri, wakageuka wakiwa ndani ya swala. Silinganishi wahyi na kodi, hasha. Ninachochukua ni adabu yake: amri ilitoka pamoja, na safu ikageuka pamoja. Wala walioswali kuelekea kibla cha kwanza hawakupotezewa imani yao, kama inavyobainisha aya ya 143. Nasi tukihamisha kurasa, kiungo alichokihifadhi ndugu yetu mwaka jana kisimfikishe ukutani.

Basi ndugu yangu, kama unaandika programu ya jumuiya, ya msikiti au ya madrasa, ifungue leo na utafute kila mstari unaompeleka mtu ukurasa mwingine. Sisi tulihesabu 11, katika mafaili 7. Ukikuta wanaoamua ni zaidi ya mmoja, anzia hapo, kabla ya Ramadhani nyingine. Orodha ile ni amana, na mwisho wake kuna mtu anayesubiri mchele.

Wabillahi tawfiq.